Nani Ameshika Ufunguo wa Korti?

Eastlands, neno korti halina hakimu. Ukimpigia simu kijana wa Buruburu au wa Dandora umuulize yuko wapi, atakwambia yuko korti, na maana yake ni ule ua uliozungukwa na nyumba: pale panapoanikwa nguo, panapochezwa mpira wa makaratasi, panapolazwa magari usiku, na panapowekwa tenti na viti vya kukodi mtu akifiwa. Korti si sebule ya mtu, wala si barabara kuu ya serikali. Kila mkazi ana haki pale, na karibu kila mara hakuna mkazi mwenye karatasi ya kuithibitisha.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya viwanja hivi vya pamoja katika mitaa ya Nairobi, na kila ninapogeuka swali linabaki moja: pesa za kuvitengeneza zilitoka mfuko gani, na aliyezitoa alipewa nafasi ya kusema zitumikeje? Maua na rangi za ukutani hupigwa picha zikasambaa. Pesa hazipigwi picha, lakini ndizo zinazoonyesha nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mgeni katika ua wake mwenyewe. Na nionavyo mimi, mambo tunayoyaona leo, vijana kupanda miti na kuchangisha shilingi mia nyumba hadi nyumba, hayakuanzishwa na mfadhili yeyote. Yana mababu zake.

Pombe iliyolipia huduma

Tuanze Pumwani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakubwa wa mji waliamua kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji kama Mombasa Village na Maskini na kuwaweka mahali pamoja, mashariki ya mto, mbali na makazi ya Wazungu. Pangani iling'ang'ana hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo ikabomolewa. Pumwani mtu alipewa kiwanja, akajenga nyumba yake mwenyewe kwa miti na udongo, akawa analipia kiwanja hicho kwa manispaa. Manispaa nayo ilileta vyoo vya pamoja na mabomba ya pamoja.

Sasa, nani angelipia zaidi ya hapo? Jibu la wakoloni lilikuwa rahisi na la kikatili: Waafrika hawalipi reti za ardhi, kwa hivyo huduma zao wajilipie. Lakini hawakulipa reti kwa sababu hawakuruhusiwa kumiliki ardhi ya mji. Mtu anafungiwa mlango, kisha anaulizwa mbona hajaingia.

Njia iliyopatikana ni pombe. Katika miaka ya 1920 manispaa ilijitwalia haki ya kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, ikifuata mtindo uliokuwa umeanzia Durban, Afrika Kusini. Ukitaka kunywa kihalali, ulikunywa katika kilabu cha manispaa. Mama aliyepika pombe yake nyumbani ili alipe kodi na kulisha watoto alikuwa mhalifu. Chombo chake kilimwagwa na yeye akapelekwa kortini, ile korti yenye hakimu. Faida ya kilabu iliingizwa katika mfuko maalum wa wenyeji, na kutoka humo zikalipiwa huduma za mitaa ya Waafrika.

Ukitazama vizuri utaona kwamba wakazi wa Pumwani walikuwa tayari wanagharimia mtaa wao, miaka mia moja iliyopita. Kila kibuyu kilichonunuliwa kilikuwa mchango. Tena kilikuwa mchango mara mbili, kwa sababu yule mama aliyenyimwa biashara yake pia alikuwa amechangia, bila kupenda. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni sauti. Hesabu zilifanywa na ofisa mzungu, na baraza la mji halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi miaka ya 1940, walipoanza kuteuliwa wachache. Meya wa kwanza Mwafrika, Charles Rubia, alikuja mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.

Ukumbi uliogeuka bunge

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, kwa kiasi kikubwa kwa mikono ya mateka wa vita Waitaliano. Wakati huo London ilikuwa imeanza kuona kwamba mfanyakazi Mwafrika asiye na mahali pa kuishi na familia yake ni hatari kwa utawala. Migomo ilikuwa imetikisa Mombasa. Sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni ya mwaka 1940 ilifungua mfuko wa pesa kutoka Uingereza, na mawazo ya mji wa bustani, yaliyokuwa maarufu huko kwao, yakaletwa hapa. Kwa hiyo Kaloleni ina kitu ambacho mitaa mingi ya baadaye haina: nyumba za mawe zimepangwa kuzunguka nyasi, na katikati ya mtaa kuna ukumbi, zahanati, shule na maduka. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 uliendeleza wazo hilohilo la mtaa unaojitosheleza, ambapo mtoto anaweza kwenda shule bila kuvuka barabara kubwa.

Lengo la ukumbi lilikuwa ustawi wa jamii, yaani ngoma, ndondi, masomo ya kushona, sinema za mafunzo. Maofisa waliamini kwamba Mwafrika akipewa mahali pa kujiburudisha hatakuwa na muda wa siasa. Walikosea. Wanasiasa wa Kenya African Union walikutana palepale, na wenyeji wakaupa ukumbi jina la bunge. Ninavyoelewa mimi, huo ndio uboreshaji wa kwanza mkubwa wa mahali pa pamoja uliofanywa na wakazi wenyewe katika Eastlands, na haukugharimu senti. Jengo lilibaki lilelile. Watu walibadilisha kazi yake.

Lakini nyasi za Kaloleni zilikuwa za baraza. Mpangaji hakuruhusiwa kuongeza chumba wala kubadilisha ua bila ruhusa. Alipoharibikiwa na bomba aliandika barua akasubiri. Mfumo huo ulifanya kazi pale baraza lilipokuwa na mafundi, wakata nyasi na pesa. Ulipokauka, watu walikuwa wamezoezwa kwa muda mrefu kwamba ua si wao. Hilo ni deni ambalo halikuandikwa popote, nasi tungali tunalilipa.

Ofafa na Mbotela zilikuja katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, zikibeba majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi wa mji waliouawa katika miaka hiyo. Mnamo Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya wanaume waling'olewa mitaani Nairobi na kupelekwa vizuizini. Sehemu wazi kati ya nyumba, zilizochorwa kwa ajili ya watoto kucheza, zikawa mahali pa kupangwa mistari na kuonyesha vipande. Korti inaweza kuwa bustani, na inaweza kuwa kizuizi. Ramani yake ni ileile.

Kwa nini harambee haikuingia korti

Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliitisha harambee, na nchi ikaitika. Watu walijenga shule, zahanati, mabwawa ya kuoshea ng'ombe, makanisa. Mwenye kuku alileta kuku, mwenye kiwiliwili alileta kiwiliwili. Kuna mtu anaweza kuuliza: kama Wakenya walikuwa hodari hivyo wa kuchanga, mbona nyua za mitaa ya Nairobi zilizidi kuchakaa kadiri miaka ilivyosonga?

Nimewaza sana juu ya hili na jibu langu ni ardhi. Harambee hustawi pale kitu kinachojengwa kina mwenyewe anayejulikana. Shule ina kamati, kanisa lina wazee, na kijijini ardhi ilitolewa na ukoo fulani ambao jina lake kila mtu analijua. Korti ya mtaa wa baraza haikuwa na mtu. Ukichanga leo ukajenga bembea, kesho baraza linaweza kuing'oa, au mwenye nguvu akaja na karatasi akasema pale pana ploti yake. Halafu mpangaji wa mjini alijihesabu kuwa msafiri. Nyumbani ni Siaya, ni Murang'a, ni Kitui; Nairobi ni kazini. Mchango wake wa harambee ulipanda basi Ijumaa ukaenda mashambani.

Katika miaka ya 1980 mambo yalizidi. Mwaka 1983 baraza lililochaguliwa lilivunjwa na mji ukawekwa chini ya tume iliyoteuliwa na serikali, hali iliyodumu hadi uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992. Kwa karibu miaka kumi mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumlilia. Viwanja vya michezo, sehemu za vyoo, kingo za barabara, vyote vikaanza kugawanywa usiku. Kila mtu anakumbuka Wangari Maathai alivyosimama mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 Uhuru Park. Wachache wanakumbuka kwamba wakati huohuo vipande vidogo visivyo na Wangari wao vilikuwa vinamezwa mtaa kwa mtaa. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kama karanga.

Ploti 6,000 na dampo moja

Dandora ilianza kwa hesabu nyingine. Mwaka 1975 serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kuhusu mkopo wa kuandaa ploti 6,000 mashariki mwa mji. Badala ya kujenga nyumba nzima, mradi ungeweka barabara, maji, majitaka na taa, na katika kila ploti choo na bafu, mahali pengine na chumba. Mwenye ploti angemalizia mwenyewe polepole, huku akirudisha mkopo. Waliopewa walichaguliwa kwa kura kati ya watu wa mapato ya chini.

Hapo ndipo wakazi walipoonyesha werevu wao. Vikundi vya kujenga viliundwa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Kila mwezi wanachama walichanga, pesa zikanunua mawe na saruji za mtu mmoja, mwezi unaofuata zamu ya mwingine. Kile tunachokiita leo merigoraundi kilijenga vyumba vingi vya Dandora. Kwa hiyo mtu asije akakwambia watu wa mtaa ule hawajui kusimamia pesa za pamoja. Walijenga mji kwa daftari la kurasa 96.

Tatizo ni kwamba mkopo na vikundi vyote vilikuwa vya ploti. Nyua zilizobaki katikati ya safu za nyumba zilichorwa kwenye ramani, zikaachiwa baraza. Na wenye ploti wengi walifanya kile ambacho hesabu ya mkopo iliwasukuma kufanya: walijenga vyumba vya kupangisha, na baadhi wakahamia kwingine. Mtaa ukajaa wapangaji. Landilodi hakai pale kuona uchafu. Mpangaji anakaa pale lakini akipanda mti kivuli chake kitakuwa cha mpangaji mwingine. Na kanju, baraza lenyewe, linakuja tu kukamata wachuuzi. Katika pembetatu hiyo korti ikawa jalala. Tena si mbali na hapo, katika machimbo ya zamani ya mawe, mji ulikuwa umeanza kumwaga taka zake zote. Dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori yaliendelea kuja.

Buruburu, iliyojengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa pesa za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, ilipita njia tofauti. Huko watu walinunua nyumba kwa mikopo, wakawa wenyewe. Baraza lilipozembea, wakazi wa kila korti walichangisha, wakaweka geti, wakaajiri soja, wakapanda ua wa michongoma. Nao matajiri wa Karen na Lang'ata walienda mbali zaidi: chama chao cha wakazi kililishtaki baraza la jiji kwa sababu ya huduma mbovu. Mwenye hatimiliki ana kitu cha kuzuia. Mpangaji wa Dandora angezuia nini? Kodi yake inaenda kwa landilodi, na akichelewa siku tatu mlango unatiwa kufuli.

Shilingi mia, na pacha wake mbaya

Kuna jambo lazima lisemwe kabla ya kuwasifu vijana. Kuchangisha wakazi kwa ajili ya usalama na usafi wa ua hakukuanza na wenye nia njema. Miaka ya 1990 na 2000, katika Mathare, Dandora na Kariobangi, Mungiki na makundi mengine yalitoza pesa za ulinzi, za maji, za stima, za kituo cha matatu. Usipolipa ulijua kitakachofuata. Machi 2002 mapigano ya Kariobangi yaliua watu zaidi ya 20, na serikali ikapiga marufuku makundi hayo. Kwa hiyo kijana akibisha mlango jioni na kusema anakusanya mia ya korti, mama mwenye umri wa kukumbuka anashtuka kwanza. Ana haki ya kushtuka.

Kilichotokea Dandora Phase 2 katika muongo wa 2010 kinafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Kikundi cha vijana kilichojiita Mustard Seed kilisafisha korti moja iliyokuwa imejaa takataka, kikaweka geti, kikapaka rangi, kikapanda nyasi na maua, kikatenga mahali pa watoto na mahali pa magari. Wakazi wakawa wanalipa kiasi kidogo kila mwezi, wenye magari wakalipia kuyalaza hapo, na pesa hizo zikawapa vijana kazi ya kulinda na kufagia. Kutokana na juhudi hizo likazaliwa vuguvugu la Dandora Transformation League na mashindano ya Changing Faces, ambapo korti zilishindana kujibadilisha na washindi wakapewa zawadi.

Shindano ni njia ya ajabu ya kufadhili. Mfadhili wa kawaida hugawa pesa kabla ya kazi, na kikundi huandika pendekezo refu lenye maneno ya kumfurahisha. Shindano hutoa pesa baada ya kazi. Zawadi ni ndogo ukilinganisha na jasho lote lililomwagika, kwa sababu korti kumi zilizoshindwa nazo pia zimefagiliwa. Mtu anaweza kusema huo ni ujanja wa kupata kazi ya bure. Kuna ukweli hapo. Lakini nimeona kwamba shindano lina faida moja ambayo pendekezo halina: majirani hutembeleana. Watu wa korti hii huenda kuchungulia ile, wakarudi wakisema, kumbe hata sisi tunaweza.

Tofauti kati ya mia ya Mungiki na mia ya korti haimo katika shilingi yenyewe. Imo katika mambo matatu: unaweza kukataa bila kuumizwa, unaona kilichonunuliwa, na unaweza kumuuliza aliyeshika pesa akakujibu. Likikosekana moja tu, pacha mbaya amerudi, hata akiwa amevaa fulana ya mradi.

Wafadhili na wageni wao

Wafadhili wa kimataifa walikuja pia, na si haki kusema walileta madhara tu. Kibera, kuanzia mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative lilifanya kazi na vikundi vya wenyeji kugeuza majalala ya kando ya mto kuwa viwanja vyenye vyoo, madaraja, sehemu za kuchezea na vibanda vya biashara. Fikra yao ilikuwa kwamba uwanja lazima uwe na kitu kinachoingiza pesa, kama choo cha kulipia au mboji ya kuuza, ili usife mradi ukiisha. Mwaka 2012 UN-Habitat, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Gigiri, ilishirikiana na kampuni ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft katika mradi wa Block by Block, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Vijana ambao hawajawahi kushika ramani ya mhandisi walijenga uwanja wao kwenye skrini, tofali kwa tofali, wakabishana wapi pawe na taa.

Serikali nayo ina mifuko. Sheria ya mwaka 1998 iliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na kuanzia mwaka 2001 yakatakiwa kuwaita wananchi wachague miradi. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maeneo bunge, CDF, uliopewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Katiba ya mwaka 2010 ikaleta kaunti na ikafanya ushiriki wa umma kuwa sharti. Pesa nyingi za CDF zimejenga madarasa, na hakuna mtu mwenye akili atakayepinga darasa. Lakini ukienda kwenye mkutano wa wadi ukasema unataka taa mbili na bomba katika korti yenu, utaulizwa ardhi ni ya nani. Hapo unakwama palepale walipokwama watu wa miaka ya 1960. Mfuko mkubwa unahitaji mwenye mali, na korti haina.

Mwaka 2020, corona ilipofunga kazi, serikali ilianzisha Kazi Mtaani. Vijana walizibua mitaro, wakafyeka, wakapaka rangi, na katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku. Zilinunua unga, na mitaa ikang'aa. Mradi ulipokwisha, mitaro mingi iliziba tena. Siwalaumu vijana. Walilipwa kuzibua, hawakupewa mtaro. Aliyeamua ni mtaro upi na kwa siku ngapi alikaa mbali, kama yule ofisa wa mfuko wa pombe.

Kinachoweza kupotea sasa

Leo kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Ni mchango mkubwa wa pamoja, mkubwa kuliko harambee yoyote tuliyowahi kufanya. Mitaa ya zamani ya baraza, yenye nyumba fupi na nafasi pana, ndiyo inayotazamwa kama ardhi ya kujengea minara. Pangani imekwisha kupitia hapo: nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakasimama.

Sipingi maghorofa. Watu wanahitaji mahali pa kulala, na nyumba nyingi za zamani zinavuja. Hofu yangu ni juu ya kile ambacho mhandisi hakihesabu. Akipima Kaloleni ataona nyasi tupu, ataandika kwamba ardhi haijatumika ipasavyo. Hataona kwamba nyasi zile ni ukumbi wa harusi, ni kliniki ya watoto siku ya chanjo, ni mahali ambapo mzee hukaa asubuhi akajulikana kuwa yu hai. Akipima korti ya Dandora ataona miti sita na geti la bati. Hataona miaka kumi ya shilingi mia. Mpangaji aliyelipa miaka hiyo yote hana risiti ya mti, na fidia hutolewa kwa mwenye karatasi.

Ndiyo maana naona tunapojadili ufadhili wa viwanja vya pamoja tunaanza mahali pasipofaa. Tunauliza mfadhili ni nani na atatoa ngapi. Historia ya Nairobi inaonyesha kwamba pesa hazijawahi kukosekana kabisa: zilikuwepo kwenye kibuyu cha Pumwani, kwenye mkopo wa Dandora, kwenye mfuko wa mbunge, na sasa zimo kwenye hati ya mshahara. Na mara zote hizo mkazi alikuwa mmoja wa waliolipa. Kilichokosekana ni karatasi inayosema kwamba kikundi cha wakazi, wakiwemo wapangaji, ndicho mlinzi wa ua ule, kwamba hauwezi kuuzwa wala kujengwa bila wao kukaa na kukubali, na kwamba sehemu ndogo ya kodi wanayolipa tayari itarudi kila mwaka kununua balbu na kuzibua mtaro. Kaunti inaweza kuandika karatasi hiyo bila mkopo wa mtu.

Mpaka hapo itakapoandikwa, kazi itaendelea kufanywa na mweka hazina wa korti, mara nyingi mama mmoja mwenye duka au kijana mwenye laini ya M-Pesa ambayo kila mtu anaiamini. Mradi mpya ukifika mtaani kwenu na fulana zake na kamera zake, mwombeni mgeni akae na mtu huyo kwanza. Afungue daftari lake, asome nani amelipa tangu lini, na taa iliyoungua Machi ilinunuliwa na nani. Asiyetaka kusoma daftari hilo hajaja kujenga korti yenu.